Riwaya Ngumu na Riwaya Tamu

Mabibi na mabwana, masalkheri. Nitasema upesi, maana wengine mna kivuko cha Likoni cha kuwahi.

Walimu wetu wa fasihi wana riwaya dhati, zile nzito, na wana riwaya pendwa, zile za kusomwa kwa burudani. Hiyo ya pili huitaja huku wamebenua midomo. Mimi mpaka huo siukubali, na shahidi wangu ni wa hapa hapa Mvita. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, ndiye anayesifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Mtadhani basi ulikuwa mwepesi. Hebu mjaribuni! Mafumbo matupu. Enzi za Wamazrui, watawala wa Mombasa, alirushiana beti na washairi wa Lamu, na ubeti sharti ufumbuliwe kabla ya kujibiwa. Watu walistarehe nao kwa kuwa waliufumbua pamoja, na lililofumbwa liliwahusu: nani atautawala mji wao.

Sasa chukueni Nagona ya Kezilahabi, 1990. Kitabu chembamba, safari na ndoto na falsafa zimesukwa pamoja. Mwanafunzi hukutana nacho peke yake, usiku, mtihani u mlangoni. Akikichukia nitamlaumu? Na Kezilahabi huyo huyo ndiye aliyetuandikia Rosa Mistika, 1971, ambayo ukiianza huiweki chini.

Tuje kwa hao pendwa. Mwaka 1960 Mohamed Said Abdulla wa Unguja alitoa Mzimu wa Watu wa Kale, akamleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Muuaji nilishamjua zamani, na bado nakirudia kitabu, kwa utamu wa Kiswahili chake na jinsi watu wake wanavyozungumza. Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba simrudii. Nilimfurahia, tukaachana salama.

Hicho ndicho kipimo changu: siri ikishatoka, kitabu kimebaki na nini? Na zipo riwaya ngumu ambazo ni kufuli kubwa kwenye chumba kitupu. Sizitaji; waandishi wengine wangali hai, na Mombasa ni ndogo.

Ombi langu kwa wenye vikundi vya kusoma ni moja. Nagona isomwe kwa sauti barazani, sura moja moja, kahawa ikipita, kila mtu aseme alivyoiona na abishiwe. Willy Gamba nendeni naye kitandani, hahitaji msaada wetu.

Haya, maswali. Bibi pale nyuma, uliinua mkono tangu nilipomtaja Muyaka.