Kaka Richard Anasema: Kuwaandikia Vijana Hadithi za Kesi za Uchawi za Salem

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu walimu na waandishi, na wanangu mliokaa kule nyuma, habari za jioni.

Naomba nianze na mahojiano. Ni tarehe 11 Agosti 1692, katika koloni la Waingereza la Massachusetts, huko Amerika ya Kaskazini. Mbele ya mahakimu amesimamishwa mtoto wa kike kutoka mji wa Andover, jina lake Sarah Carrier. Anaulizwa: umekuwa mchawi tangu lini? Anajibu: tangu nilipokuwa na miaka sita. Sasa una miaka mingapi? Karibu minane; kaka Richard anasema nitatimiza minane Novemba ijayo. Nani aliyekufanya mchawi? Mama. Alinifanya niweke mkono wangu kwenye kitabu.

Siku nane baadaye mama yake, Martha Carrier, alinyongwa.

Maneno hayo sikuyatunga mimi. Yaliandikwa na karani na yapo mpaka leo. Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara nakwama palepale: “kaka Richard anasema.” Mtoto huyu hana hakika na umri wake mwenyewe, anamtegemea kaka yake amkumbushe. Lakini watu wazima wenye elimu yao wamekaa wakiandika ushahidi wake juu ya kitu ambacho hakuna jicho lililokiona, na mama yake yuko gerezani. Mwandishi akikaa miaka kumi akitafuta sentensi ya kuonyesha utoto wa Sarah, hataipata nzuri kuliko hiyo. Ndiyo maana huwaambia vijana wanaotaka kuandika riwaya za kihistoria: nendeni kwanza kwenye kumbukumbu za mahakama, kubuni kutafuata.

Nimesoma miswada kadhaa ya vijana wetu kuhusu Salem. Karibu yote ina msichana yuleyule. Ana miaka kumi na minne, ni jasiri, hasadiki uchawi, anawashangaa wazee kwa ujinga wao, na mwishoni anamwokoa bibi kizee jirani. Namwelewa mwandishi: anataka msomaji apate mtu wa kumpenda. Ila msichana huyo ni wa leo, amevikwa gauni la zamani. Wapuritani wa 1692, yaani wale Waprotestanti wenye msimamo mkali waliokaa koloni lile, walisadiki kwamba Shetani anatembea miongoni mwao kama walivyosadiki kwamba mvua inanyesha. Hata waliosaidia kuzizima kesi zile walisadiki hivyo. Mchungaji Increase Mather aliandika mwaka huohuo kwamba ni heri washukiwa kumi wa uchawi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia kuhukumiwa. Sikilizeni vizuri: hakusema wachawi hawapo. Alichokikataa ni aina ya ushahidi. Kijana anayesoma ana haki ya kuona kwamba mtu anaweza kuwa ndani kabisa ya imani ya zama zake na bado akauliza, “Mmejuaje?”

Kisa chenyewe nitakipitia haraka. Januari 1692, kijiji cha Salem, nyumbani kwa Mchungaji Samuel Parris: binti yake Betty wa miaka 9 na ndugu yao Abigail Williams wa miaka 11 wakaanza kupiga kelele na kujipindapinda. Mwezi Machi wakahojiwa wanawake watatu: Sarah Good, masikini aliyezoea kuombaomba, Sarah Osborne, mgonjwa, na Tituba, mtumwa wa Parris. Tituba alikiri, na baada ya hapo moto ulishika nyika. Zaidi ya watu 150 walishtakiwa. Walionyongwa ni 19, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, aliyekataa kukubali kushtakiwa mbele ya mahakama ile, alilazwa chini akalundikiwa mawe mpaka akafa. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Hakuna aliyechomwa moto. Nawaomba mwafute zile picha za kuni na miali kwenye majalada yenu.

Sasa shida yetu, sisi tunaoandika Kiswahili. Ukiandika tu neno “mchawi”, msomaji wako tayari ana picha yake. Anaona mtu anayewanga usiku wa manane, fisi na ungo. Hakuna hata kimoja cha hivyo kilichokuwa Salem. Wale walikuwa watu wa kitabu, na uchawi wao ulikuwa mkataba: unatia sahihi katika daftari la Shetani, kama mtu anayekopa fedha. Na mchawi wao hakuhitaji kutoka nyumbani. Inatoka sura yake, inamkaba mtoto koo huku mwenyewe amelala kitandani au hata amesimama mbele ya hakimu, na anayeiona ni yule anayekabwa peke yake. Mimi huuita huo ushahidi wa kivuli. Ukiutafsiri kuwa ni pepo au jini umeipoteza hadithi yote, maana ugomvi mzima wa mahakama ile ulikuwa hapo: je, Shetani anaweza kuvaa sura ya mtu mwema bila ruhusa yake? Anayesema anaweza, kesi zote zinaanguka.

Na Tituba. Hati za mahakama zinamwita kwa jina ambalo sisi tungelitafsiri “Mhindi”, na msomaji wa Mombasa atamwona mtu wa Gujarat. Ni mwenyeji wa asili wa bara la Amerika ndiye aliyekusudiwa. Waandishi wa baadaye walimgeuza Mwafrika, na najua vishawishi vyake kwetu. Mimi mwenyewe nilitamani awe dada yetu. Lakini hati hazitupi, na tusimchukue kwa nguvu mara ya pili. Yatosha kusema lililo kweli: alikuwa mtumwa, alikaa gerezani zaidi ya mwaka kwa sababu bwana wake alikataa kulipa gharama za gereza, mwishowe akalipiwa na mtu mwingine na kuchukuliwa.

Umri nao haubadilishwi ovyo. Kuna tamthilia maarufu ya karne ya 20 iliyomkuza Abigail wa miaka 11 akawa binti wa 17, na mzee wa miaka 60 ikamfanya kijana, ili papatikane mapenzi kati yao. Jukwaani lilifanya kazi. Ila toka hapo watu wengi wamesahau kwamba waliokuwa wakipiga kelele mahakamani ni pamoja na watoto wa umri wa darasa la tano. Na walioshtakiwa pia. Dorothy Good, binti wa Sarah Good, alikuwa na miaka minne au mitano. Aliwaambia mahakimu ana nyoka mdogo anayemnyonya kidoleni, wakatazama wakaona alama nyekundu kama ya kuumwa na kiroboto. Akafungwa minyororo miezi mingi. Mama yake alinyongwa, na mdogo wake mchanga alifia gerezani. Miaka kumi na minane baadaye baba yake aliandika kwamba mtoto yule hakurudi tena katika akili yake.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza: je, hayo tuwaambie watoto? Jibu langu ni ndiyo. Kwa sauti ya chini, bila kuyapamba, lakini yote. Mtoto wa Shinyanga au Mwanza amekua akisikia habari za bibi vizee waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Tukimpa Salem iliyotiwa sukari atajua tunamdanganya.

Nirudi kwa Sarah Carrier, kwa kuwa nadhani riwaya ambayo haijaandikwa kwa Kiswahili ni yake. Mwaka 1690 ndui iliingia Andover, na mji ukailaumu familia yao kwamba ndiyo iliyouleta ugonjwa. Huo ndio mwanzo, miaka miwili kabla ya hakimu kuuliza lolote. Martha alikuwa na ulimi mkali. Mahakamani aliwaambia waheshimiwa usoni kwamba ni aibu kuwasikiliza watu waliorukwa na akili. Hakukiri. Na mwaka ule, waliokiri hawakunyongwa; waliong’ang’ania ukweli ndio waliokufa. Watoto wake walijifunza kanuni hiyo kwa miili yao. Barua iliyoandikwa gerezani na John Proctor, mshtakiwa mwenzao na ndiye yule mzee wa miaka 60 wa tamthilia, inasema wana wawili wa Martha, Richard na Andrew, walifungwa shingo na visigino pamoja mpaka damu ikakaribia kuwatoka puani, ndipo wakakiri.

Ni Richard huyohuyo anayejua Sarah atatimiza miaka minane lini.

Sura ngumu ya riwaya hiyo ni ile ya tarehe 12 Agosti, mtoto anapoamka akiwa amekwisha kusema. Mwandishi asiharakishe kumsamehe, wala asimhukumu. Amweke pale gerezani na kaka zake, na mama yao bado hai.

Kuna mtakaotaka habari njema, nami ninayo. Elizabeth Johnson, msichana wa miaka 22 aliyehukumiwa kifo mwanzoni mwa 1693 lakini hakunyongwa, jina lake lilisahauliwa kila mara koloni, na baadaye jimbo, liliposafisha majina ya wenzake. Wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover waliichukua kesi yake kama somo la uraia, wakaandika barua, wakasukuma, na mwaka 2022 Massachusetts ikamsafisha. Ilichukua miaka 329. Hao ndio wasomaji tunaowaandikia, wana miaka kumi na mitatu na wanajua kuandika barua.

Namalizia na hesabu ya Thomas Carrier, baba yake Sarah. Mwaka 1710, serikali ya koloni ilipowataka wenye madai wayalete, alileta lake. Alimlipa liwali wa mahakama shilingi 50. Alimlipa mkuu wa gereza pauni 4 na shilingi 16, ada za kumfunga mke wake na watoto wanne. Wakati huo pauni moja ni shilingi 20, kwa hiyo jumla ni pauni 7 na shilingi 6. Fidia ilipotoka, mbele ya jina la Martha Carrier iliandikwa: pauni 7, shilingi 6.