Usije na Ratiba Yako: Mhadhara kwa Wageni wa Kazi, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, hamjambo. Na ninyi wageni wetu wa gesi, wa saruji, wa hospitali na wa korosho, karibuni sana.

Waandaaji walinipa karatasi yenye mambo ya kusema: joto, mbu, maji, chakula, mila. Nitaiweka pembeni kwanza. Katika kuwafundisha wageni Kiswahili mjini hapa, nimeona kinachowashinda wengi ni siku yenyewe. Mtu anakuja na ratiba aliyoizoea Aberdeen au Pune, au hata Nairobi hapo jirani, anataka Mtwara iifuate, halafu anashangaa mbona kila kitu kinakwenda upande.

Tuanze na jua, maana ndilo tajiri wetu sote. Mji huu uko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Mchana mrefu kuliko yote, wa Desemba, unauzidi ule mfupi wa Juni kwa saa moja na dakika chache tu. Mwaka mzima jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na likishazama giza halina subira. Ninyi mliotoka Ulaya mna jioni ndefu za kiangazi: mtu anatoka kazini, anakimbia mazoezi, anapita dukani, anarudi kumwagilia maua, na bado kweupe. Jioni hiyo hapa haipo. Tunayo asubuhi. Saa 12 asubuhi mama wa jirani yako ameshafagia uwanja, ameshateka maji, na chapati ziko kwenye kikaango. Ukiamka saa 2 umeshakosa nusu ya siku iliyo njema, na umebakiwa na ile inayochoma.

Kwa hiyo kazi nzito imalizwe kabla ya saa 4. Kati ya saa 6 na saa 9 mchana kaa kivulini, na usimwone mwenye duka anayesinzia kuwa ni mvivu. Yule ameanza siku yake alfajiri. Saa 10 mji unaamka tena.

Mwili nao una ratiba yake. Mtu aliyetoka kwenye baridi anahitaji kama wiki moja hadi mbili kuzoea joto: jasho linaanza kutoka mapema zaidi, na linapoteza chumvi kidogo kuliko mwanzo. Lakini mwili hauzoei kitu usichokutana nacho. Namwona mgeni anatoka chumba chenye kiyoyozi, anaingia gari lenye kiyoyozi, anafika ofisi yenye kiyoyozi, na baada ya miezi bado analia joto. Lala na kiyoyozi ukitaka, sikukatazi, LUKU ya umeme ni yako. Ila mchana fungua madirisha, washa pangaboi, utembee kidogo kwa miguu asubuhi na jioni. Unywe maji hata kama kiu haijakushika, kwa sababu hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho linakaa mwilini bila kukauka na halikupozi kama unavyotegemea.

Hapo ndipo tunafika kwenye nyumba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu madalali wamo humu ndani na wananiangalia.

Dalali atakuonyesha nyumba asubuhi. Nenda tena saa 9 alasiri. Ukuta unaotazama magharibi utaukuta unapigwa na jua la alasiri, na kama chumba cha kulala kiko upande huo, utalala ndani ya tanuri. Jua hupita utosini karibu tarehe 20 Oktoba, na tena karibu tarehe 21 Februari. Kuanzia Februari hiyo hadi Oktoba mchana linakaa upande wa kaskazini, kinyume cha mlivyozoea wengine wenu. Halafu uliza upepo. Kusi inavuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, ikitoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi inashika Novemba hadi Machi. Nyumba yenye madirisha pande mbili zinazotazamana inapata zote mbili. Nyumba nzuri ya vioo isiyopitisha upepo ni ya kupigia picha.

Mtaa wa Shangani mnaupenda kwa sababu ya bahari, na ni haki yenu. Jueni tu kwamba chumvi ya hewa inakula: kufuli, bawaba, friji, baiskeli, waya za taa. Mafuta kidogo kwenye kufuli kila mara yatakuokoa na usiku wa kulala nje. Viatu vya ngozi na vitabu vitaota ukungu wakati wa mvua, vitoe vipigwe jua. Na kabla ya kulipa kodi ya miezi 6 au mwaka, panda ngazi uone simtanki lina ukubwa gani, kwa sababu siku bomba litakapokaa kimya hutakunywa mandhari.

Sasa samaki. Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote: “Mwalimu, nimekwenda soko la samaki la Feri Jumamosi saa 4, sikukuta kitu.” Bahari haijui Jumamosi. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, maji yanakupwa mbali, na akina mama wanashuka mwambani kutafuta pweza. Katikati yake ni maji mafu, na pweza anaadimika. Dagaa ni kinyume chake: wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika. Kusi ikikaza, Juni na Julai, bahari inachafuka na bei inapanda. Mama muuza samaki anayajua haya yote bila kalenda ya ukutani. Mpe namba yako ya simu, mzoeane, umsalimu hata siku usiyonunua, naye atakupigia siku ya changu mzuri. Wengine wananunua kwake, wewe utawekewa.

Chakula kingine nisiwachoshe. Ming'oko, mizizi ya porini, mtaikuta imechemshwa kando ya barabara, kuleni. Uraka, pombe ya mabibo, msimu wake ukifika, onja kwa adabu, una nguvu kuliko sura yake. Mwezi wa Ramadhani mchana usile wala kuvuta sigara barabarani. Hakuna atakayekupiga, ila utakuwa umejionyesha. Ijumaa mchana usipange kikao.

Ratiba kubwa kuliko zote mkoa huu ni ya korosho. Inaanza kuokotwa kama Septemba, na minada ya stakabadhi ghalani, ambapo korosho zilizowekwa ghalani zinauzwa kwa pamoja, inashika kuanzia Oktoba. Fundi wako wa bomba ana mikorosho Newala. Mlinzi wako ana ya mama yake Tandahimba, na kwa Wamakonde neno la mama na wajomba halipuuzwi. Ukimwita fundi mwezi wa 10 asije, usidhani amekudharau. Bomba litengeneze mwezi wa 7. Fedha za korosho zikishaingia mjini, bodaboda mpya zinajaa barabarani, kuku anapanda bei, na harusi zinafuatana. Mwenye nyumba anayetaka kupandisha kodi naye anasubiri wakati huo huo, kwa hiyo mkataba wako ujaribu uishie Mei.

Si jambo la leo. Wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi walifika pwani hii kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na aliyekosa upepo alikaa msimu mzima, akajifunza lugha, wengine wakaoa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa jahazi la upepo huo huo. Halafu mwaka 1947 wakaja Waingereza na mpango wao wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo. Walikuja na matrekta na tarehe zilizopangwa mbali, bila kuzijua vizuri mvua wala udongo. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Wametuachia bandari, na hizi barabara pana mnazoshangaa zimejengewa nani.

Salamu nazo zina muda wake. Ukiingia ofisini na swali mdomoni, “ile barua iko wapi?”, barua itakawia. Anza na habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo, hata kama ni mfagizi na wewe ni meneja. Dakika mbili hizo zihesabu ndani ya saa za kazi.

Mbu nimwachie daktari aliyekaa hapa mbele, niseme la saa tu: wa malaria anauma usiku, wa dengi anauma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Na wale mliotoka nyanda za juu zenye malaria kidogo, kama Nairobi, Mbeya au Iringa, msijione wenyeji kwenye hili. Ukipata homa nenda ukapime siku hiyo hiyo. Dawa za maumivu za kujinunulia, hasa aspirini na ibuprofeni, usizimeze kabla hujajua kama ni dengi au la.

Mambo ya vibali vya kuishi na vya kazi mtauliza meza ile ya kulia, mimi siyo mtaalamu wake. Daktari, karibu kipaza sauti. Halafu tafadhali tusipitishe saa 12, kuna watu wanavuka maji kwenda Msanga Mkuu, ng'ambo ya pili.