Mwendo wa Sayuri: Mhadhara Kuhusu Filamu ya Geisha na Waliokasirishwa Nayo

Hamjambo. Asanteni kwa kuja. Mlio nyuma sogeeni, viti vya mbele havina miiba.

Nianze na neno lenyewe. Gei ni sanaa, sha ni mtu. Geisha basi ni mtu wa sanaa, na sisi neno hilo tunalo tayari: msanii. Najua, mtaani siku hizi msanii ni yule aliyekukopa kisha akahama nyumba usiku. Tuliache hilo. Nimelianza hili kwa sababu jirani yangu aliponiuliza leo nitazungumzia nini, nikamwambia geisha, alisema, "Wale makahaba wa Kijapani?" Sikumlaumu. Swali lake lilizunguka dunia nzima mwaka 2005, ilipotoka filamu ya Memoirs of a Geisha.

Wengi mnaikumbuka. Riwaya yake iliandikwa na Mmarekani, Arthur Golden, mwaka 1997: binti wa mvuvi anauzwa mjini Kyoto, mtaa wa Gion, anafunzwa, anapigwa, anaonewa wivu, mwisho anakuwa Sayuri. Rob Marshall akaigeuza filamu. Wanawake watatu wakuu wakawa Zhang Ziyi na Gong Li, wote Wachina, na Michelle Yeoh wa Malaysia. Wote wanazungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake. Na Gion yenyewe ilijengwa California, vichochoro na yote, ingawa picha chache zilipigwa Japani.

Waliopiga kelele kubwa kuliko wote walikuwa Wachina, na nasema wazi kwamba kelele hizo zilihusu filamu kidogo sana. Hadithi inapita katika miaka ya 1930 na 1940. Kwa Mchina miaka hiyo ina jina: Nanjing, Desemba 1937, mji ambao askari wa Japani waliuteka na kuua raia kwa maelfu. Ina pia wanawake waliolazimishwa kuwastarehesha askari wa Kijapani. Ongezeni kwamba Oktoba 2005, wiki chache kabla ya filamu kutoka, Waziri Mkuu wa Japani, Koizumi, alikwenda tena kwenye hekalu la Yasukuni, wanakoenziwa askari wa nchi hiyo waliokufa vitani, wakiwemo waliohukumiwa kwa uhalifu wa kivita. Halafu kuna lugha. Kwa Kichina geisha huitwa yiji, na ile ji inasikika sawasawa na neno la kahaba. Sasa mwoneni Zhang Ziyi, fahari ya nchi, ndani ya kimono, usichana wake unapigwa mnada na wanaume wa Kijapani. Kwenye intaneti aliitwa msaliti. Mwanzoni mwa 2006 serikali ikazuia filamu isioneshwe kwenye majumba ya sinema. Diski za magendo, bila shaka, hazikuhitaji kibali cha mtu.

Japani ilikuwa tofauti, na huku ndiko ninakotaka tukae. Mtu angetarajia kilio chao kiwe "mbona mmemchukua Mchina?" Wapo waliosema hivyo. Lakini malalamiko yaliyonishika mimi yalihusu miguu.

Mwanamke aliyevaa kimono hapigi hatua ndefu, nguo haimruhusu. Magoti hukaa karibu, vidole vya miguu vinaelekea ndani kidogo, na mwili wote unateleza kama unavutwa kwa uzi. Waigizaji wale walifundishwa kwa wiki sita. Mwanafunzi wa Gion, anayeitwa maiko, hutumia kama miaka mitano kabla hajawa geisha kamili, ambaye Kyoto wenyewe humwita geiko. Siku anapovuka, ukosi wake mwekundu hubadilishwa ukawa mweupe. Nguo inasema. Hata obi, ule mshipi mpana: makahaba maarufu wa zamani, oiran, waliufunga mbele, geisha huufunga nyuma. Jirani yangu angejibiwa na fundo moja tu. Na sisi tuliolelewa na watu wa kanga tusijifanye hatuelewi. Mama zetu walijua mtu ana neno na nani kwa kusoma alichojifunga.

Basi fikirini mtazamaji wa Kyoto anafika kwenye ile ngoma. Mnaikumbuka? Sayuri peke yake jukwaani, viatu virefu kama vigoda, nywele zimeachiwa, theluji inamwagika, taa ya buluu, anajitupa nyuma. Ukumbi wangu mimi ulinyamaza kabisa. Lakini ngoma ya Gion ni ya mtindo wa Inoue, shule ya ngoma ya huko huko Kyoto, na tangu 1872 inaoneshwa hadharani katika tamasha la Miyako Odori, majira ya kuchipua. Ina damu ya Noh, tamthilia ya kale ya Kijapani, ndani yake: kiuno chini, uso umetulia, kipepeo cha mkononi kinageuka na hilo ndilo tukio zima. Kwa ajuaye, msichana wa kwenye filamu hakuwa anacheza vibaya. Alikuwa anacheza kitu kingine, cha nchi nyingine.

Nakiri, naipenda sehemu ile. Ni nzuri kuliko zote na ni ya uongo kuliko zote. Marshall ni mtu wa ngoma za jukwaani, alikwisha kuongoza Chicago, filamu ya nyimbo na ngoma. Alitaka tumwone nyota akizaliwa kwa dakika tatu, na kipepeo kilichogeuzwa taratibu kisingemtosha mtazamaji wa Ohio.

Marekani walitoa tuzo tatu za Oscar: upigaji picha, mandhari na mavazi. Zote za macho. Sina zaidi ya kusema hapo.

Lakini mtu aliyekuwa na kesi hasa, kesi ya mahakamani, hakungoja filamu. Ni Mineko Iwasaki, aliyezaliwa 1949, mmoja wa geiko waliosifika sana Gion, aliyeacha kazi akiwa bado hajafika miaka thelathini. Golden alimhoji alipokuwa anaandika. Mwaka 2001 Iwasaki akamshtaki. Alidai alizungumza kwa ahadi kwamba jina lake halitatajwa, na kwamba ule mnada wa usichana, uitwao mizuage, haukumtokea yeye kamwe, lakini wasomaji wakaamini ni maisha yake. Tazameni miaka: Sayuri ni mtoto mwishoni mwa miaka ya 1920, ishirini kabla ya Iwasaki kuzaliwa. Hesabu rahisi. Haikumwokoa. Mwaka 2002 akatoa kitabu cha maisha yake mwenyewe, na 2003 wakamalizana nje ya mahakama.

Na jina lake lilitajwa wapi? Si ndani ya hadithi. Lilikuwa kwenye shukrani, ukurasa ambao mimi na ninyi huuruka. Golden alimshukuru, kwa adabu kabisa, kama tunavyofundishwa kumshukuru aliyetusaidia. Huko Gion, ambako nusu ya kile mteja anacholipia ni ukimya wa mwenyeji, shukrani ile ilimwambia kila mtu nani aliyefungua mdomo. Iwasaki alisema alitishiwa maisha.

Nimepewa dakika arobaini na zimekwisha. Kuna mkono umeinuliwa kule nyuma tangu niliposema msanii. Karibu, ndugu yangu.