Kishikwambi Kimo Kabatini

(Mhadhara kwa walimu wa masomo ya jamii wa mikoa ya Mtwara na Lindi, Mtwara mjini)

Ahsante mwenyekiti. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Walionisikia Masasi na walionisikia Lindi watanivumilia, maana nitasema yale yale. Nitaacha kuyasema siku nitakapoingia kwenye darasa la mmoja wenu nikakuta mambo yamebadilika.

Ratiba inasema nizungumzie teknolojia ya kidijitali na ufundishaji mseto katika sayansi ya jamii. Nimepewa dakika arobaini na projekta. Projekta naomba izimwe, sina slaidi.

Nawauliza, na mnijibu kweli. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022, ambavyo baadaye tulikabidhiwa walimu, viko wapi? Nyoosheni mikono wenye navyo. Vizuri, ni wengi. Sasa abaki na mkono juu yule aliyekitumia kufundishia wiki iliyopita. Kuangalia mpira hakuhesabiki. Kujaza taarifa za ofisini hakuhesabiki. Haya, mmejionea wenyewe, sijasema kitu.

Kimoja kimo kabatini kwa mkuu wa shule ili kisiharibike. Kingine anacho mtoto wa mwalimu, anachezea gemu. Na kipo kingine ambacho kweli kinatumika, na hicho ndicho kinachonitia uchungu zaidi: mwalimu kapakua notisi, karusha kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, kaandika "someni, kesho jaribio", halafu kwenye taarifa yake kajaza kwamba kipindi kilifundishwa kwa TEHAMA. Hapo hakuna kilichofundishwa. Zamani mwanafunzi alinakili ubaoni, leo ananakili kwenye simu ya mama yake. Tofauti ni bando.

Ninachodai ni hiki. Katika masomo yetu, historia, jiografia, uraia, mtandao umletee mwanafunzi kile ambacho kijijini kwake hakipo. Kijiji nacho kitoe kile ambacho mtandaoni hakipo. Kisha kipindi cha darasani kitumike kuvigombanisha hivyo viwili. Ukiondoa kimojawapo, huna mseto wowote.

Nitatoa mfano mmoja na nitakaa nao, kwa sababu kila ninapoutoa kwa kifupi watu huniambia "tumekuelewa daktari", wakaondoka, wasifanye.

Yupo mama mmoja, mwalimu wa historia wilayani Nachingwea. Simtaji jina, hajanipa ruhusa. Anafundisha shule ya kata, madawati ya kubanana, umeme wa kuja na kuondoka. Mada ilikuwa uchumi wa kikoloni. Mnajua tunavyoifundisha: mashamba ya walowezi, mashamba makubwa, wakulima wadogo, sifa tano, athari sita, kengele. Huyu mama akajishangaa. Anawafundisha watoto wa Nachingwea uchumi wa kikoloni kwa mifano ya nyanda za juu za Kenya, na wao wanalala na kuamka juu ya mashamba ya mpango wa karanga, ule wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa matrekta huku Tanganyika!

Mpango wenyewe siwasimulii, ninyi ni watu wa huku. Nasema tu alichofanya. Bunge la Uingereza limeweka mtandaoni kumbukumbu za mijadala yake ya miaka na miaka, bure kabisa, na imo humo mijadala ya karanga tangu mpango ulipoanza 1947 hadi ulipotupwa 1951. Mama yule akaenda mjini Jumamosi, palipo na mtandao wa kueleweka, akaunga bando la siku, akatafuta, akahifadhi kurasa chache kwenye kishikwambi. Akarudi nyumbani, akachagua nusu ukurasa, akaitafsiri kwa Kiswahili ambacho mtoto wa kidato cha pili anakielewa. Nusu ukurasa, walimu! Kuchagua kile cha kuacha ndiyo kazi ya mwalimu, na hapo ndipo wengi wetu tunapochoka. Tunarusha kitabu kizima, mtoto ajijue.

Wanafunzi wakasoma. Waziri wa Chakula, John Strachey, na wapinzani wake wanavutana London juu ya ekari, matrekta na pauni. Mpango ulilenga ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa ilikusudiwa iwe huku Jimbo la Kusini. Ulimeza pauni zipatazo milioni 36. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Bandari yetu hii ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kusafirisha karanga ambazo hazikuonekana. Yote hayo mtoto angeweza kupewa kwenye notisi. Ila mwalimu hakutoa notisi, aliuliza: katika nusu ukurasa huu, nani anazungumza na nani hazungumzi? Kimya. Kisha kijana mmoja wa nyuma, wale ambao hatuwatarajii, akasema, "Mwalimu, humu hamna mtu wa hapa."

Somo likaanza hapo.

Ijumaa akawatuma nyumbani na maswali matatu. Nani katika ukoo au jirani alifanya kazi kwenye mashamba yale, na alilipwa nini? Reli ilipita wapi? Na ardhi ile kabla ya matrekta ilikuwa ya nani? Hapo hakuna simu wala kishikwambi, ni daftari na kalamu. Wazee waliokuwa watoto wakati ule sasa wamevuka themanini na ni wachache, kwa hiyo wengi walisimulia walichosikia kwa baba zao. Mwalimu akaagiza iandikwe hivyo hivyo: huyu aliona, huyu alisikia. Msilipite hilo haraka. Mtoto aliyejifunza kutenganisha "aliona" na "alisikia" atakusaidia hata kwenye zile habari za kusambaza WhatsApp zisizo na mwenyewe.

Jumatatu darasani hapakukalika. Mmoja kaja na habari kwamba babu yake aliupenda mpango, ndipo alipopata fedha ya kununulia baiskeli. Mwingine bibi yake anaulaani mpaka leo: vibarua wageni walijaa, kuku na mayai vikapanda bei, mtu wa hapa akabaki anatazama. Wa tatu kasema reli ilipita nyuma ya kwao. Wa nne kamwambia muongo, ilipita upande wa pili wa barabara. Sasa ndipo kishikwambi kikatolewa tena, na picha ya setelaiti ya eneo lao, iliyohifadhiwa siku ile ya bando. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma na mataruma vikang'olewa, kwa hiyo walikuwa wanatafuta alama ya tuta tu. Wakainamia kile kioo kwa zamu, vikundi kwa vikundi. Mwalimu wa hisabati alikuja kwa kipindi chake akasimama mlangoni, hakuna aliyemwona.

Kazi ya mwisho ilikuwa ukurasa mmoja kwa kila kikundi, kichwa chake: "Mpango wa karanga ulishindwa kwa nani?" Ebu fikirieni swali hilo. Kwa mlipakodi wa Uingereza ulishindwa, sawa. Kwa yule babu wa baiskeli je? Kwa mwenye ardhi iliyofyekwa je? Hakuna tovuti itakayomjibia mtoto swali hilo, na hakuna kikundi kilichoandika sawa na kingine. Kikundi kimoja kilirudi kwa mzee, kikaomba ruhusa, kikamrekodi kwa kishikwambi cha mwalimu. Dakika chache za sauti hazichukui nafasi yoyote kwenye kadi ya kumbukumbu. Zikahamishiwa kwa bluetooth kwa mwalimu wa shule jirani, naye akazitumia darasani kwake. Maneno ya Strachey yatakuwepo mtandaoni hata tukifa sote. Ya mzee yule yasingekuwepo popote.

Teknolojia yote iliyotumika ni bando la siku moja na kifaa kimoja chenye chaji.

Namsikia mwalimu wa Newala pale nyuma ananong'ona kwamba kwao mtandao hakuna. Mama, nimekusikia. Ndiyo maana nimesema bando la siku moja, sikusema intaneti kila dakika. Mei 2024 mnaikumbuka. Kimbunga Hidaya kilikuja, mvua ikaikata barabara ya Dar kule Kilwa, malori yakalala njiani. Wiki moja baadaye nyaya za chini ya bahari nazo zikapata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Aliyepanga somo la kuwa hewani muda wote alikaa akikodoa macho. Aliyehifadhi alifundisha. Pakueni siku mtandao upo. Maktaba mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, ina vitabu vya kiada, vishusheni, viwekeni kwenye kadi, pitishianeni kwenye JzK zenu, hizo Jumuiya za Kujifunza za walimu, badala ya kukutana kunywa soda na kusaini mahudhurio.

Mwingine ataniambia simu haziruhusiwi shuleni. Nani kasema mwanafunzi aje na simu? Katika mfano wangu mwanafunzi hakushika simu hata mara moja. Kifaa ni cha mwalimu.

Wa tatu, na huyu huniudhi kila mara, husema haya mambo ya mseto yameletwa na wafadhili. Ndugu yangu, mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wenu waulizeni. Kipindi cha redio, kijitabu cha kusoma, kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, kikundi kinakaa chini ya mti kinajadili, kisha watu wanaondoka kwenda kuchimba vyoo. Walishiriki watu wapatao milioni 2, wakati nyumba nyingi hazikuwa hata na redio. Redio ilisema kidogo, kikundi kikasema sana, kazi ikafanyika kijijini. Mnataka mseto gani zaidi ya huo? Sisi ndio tulioacha. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa korona tulirusha vipindi kwenye televisheni na redio, kikundi hakikuwepo. Mtaniambia korona ilikataza mikusanyiko. Kweli, lakini shule zilifunguliwa Juni mwaka ule ule. Vikundi mbona hatukuviunda?

Na mtihani? Najua, hilo ndilo swali la mioyoni mwenu, Baraza la Mitihani, NECTA, linauliza sababu na matokeo. Mtoto aliyebishana kuhusu karanga kwa siku nne anazijua sababu. Wa notisi anazikariri na kuzichanganya na za Majimaji. Chukueni madaftari yao mlinganishe, msinisikilize mimi.

Mwenyekiti ananionesha kikaratasi. Dakika tano? Basi nakimbia.

Korosho. Kila mtoto wa Tandahimba anajua mnada. Bei za vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, zinasambaa kwenye simu usiku huo huo, na sasa minada yenyewe inaendeshwa kwenye mfumo wa kidijitali. Chukua bei za msimu mzima, chora grafu, kisha mtume mtoto akamuulize baba yake alipata kiasi gani mkononi baada ya makato, na kama aliuza kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini kabla ya msimu, kwa nini. Linganisha na 2018, serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakabeba magunia. Hapo una uchumi, una uraia, una takwimu. Mwalimu awe mwangalifu tu, asimfanye mtoto atangaze madeni ya kwao mbele ya darasa.

Sensa. Kile kishikwambi kilikusanya takwimu za Watanzania 61,741,120, na matokeo yako mtandaoni. Mwalimu wa jiografia anayechora piramidi ya umri kwa namba za kubuni ubaoni ananisikitisha. Tosha.

Akili bandia. Wanafunzi wa vyuo tayari wanaandikiwa kazi zao na mashine, na wa sekondari wanakuja nyuma yao. Kuwafukuza hakutasaidia. Badilisheni swali. Ukiuliza "eleza sababu sita za vita vya Majimaji" utaletewa sita safi kabisa. Ukiuliza wazee wa kijiji chenu wanasimulia nini kuhusu njaa iliyofuata vita, na wanatofautiana wapi na kitabu, mtoto atalazimika kwenda kuuliza.

Ruhusa. Unaporekodi mtu omba, na mweleze sauti yake itakwenda wapi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mzee ni mzee.

Wasichana nilikuwa na mengi ya kusema. Nasema moja: kazi ya nyumbani inayotegemea simu ya familia, kaka mtu ndiye anayeishika na dada yuko jikoni. Tumieni vikundi, na wasichana washike kifaa darasani.

Tendaguru naiacha, na inaniuma. Walimu wa Lindi, ile mifupa ya dinosaria, mijusi mikubwa ya kale, iliyochimbwa kilimani Tendaguru 1909 hadi 1913 na kupelekwa Berlin, picha zake ziko mtandaoni. Wapagazi walioitembeza mifupa ile kwa miguu hadi bandari ya Lindi walikuwa babu za nani? Hilo ni somo la muhula mzima na limekaa mlangoni kwenu. Mnifuate nje tuliongee.

Basi, chai imefika, naisikia harufu ya vitumbua. Tukirudi, kila meza ina karatasi yenye safu tatu: mtandao utaleta nini, kijiji kitatoa nini, darasani tutabishana nini. Chagueni mada moja tu, ya wiki ijayo, ambayo imo tayari kwenye andalio lenu. Safu ya kati ndiyo nitakayoikagua kwanza, na atakayeandika "wanafunzi watasoma notisi" atarudia. Wenye vishikwambi vilivyomo kabatini kwa mkuu wa shule, mpigieni sasa hivi, kabla hajaenda mapumzikoni. Maswali ataanza mama wa Newala.