Stori yako inanikimbiza

ZUU: Haya jamani karibuni tena, leo tupo kwenye kuandika, na naanza na Juma maana jana kanitumia stori yake fupi nikaisoma yote, nimemaliza nahema.

JUMA: Unahema kwa utamu?

ZUU: Kwa kukimbizwa! Sikilizeni: "Aliamka, akanawa, akavaa, akatoka, akafika kituoni, akapanda basi, akakaa." Yaani aka aka aka, hakuna hata pa kuvuta pumzi.

JUMA: Si ndo tulivyofundishwa, ukishaweka -li- vinavyofuata vinakuja na -ka-?

ZUU: Na sheria iko sawa, sina ugomvi nayo. -li- inakufungulia mlango, -ka- inakuvusha tukio moja mpaka lingine. Ila we kunawa uso aka, kuachwa na mke aka, vyote mwendo mmoja, msomaji atajuaje wapi pa kushtuka? Pale mwishoni umeandika "akafungua mlango, akamuona mkewe, akashangaa". Sasa jaribu hivi: "Akafungua mlango. Mkewe amekaa juu ya begi, viatu kavaa."

JUMA: Duh. Na "akashangaa" umeitupa.

ZUU: Ya nini, msomaji keshashangaa mwenyewe. Ona hiyo -me-, "amekaa", jambo lishatokea we umelikuta tu, umechelewa. Halafu kuna -ki-: "Aliongea akikunja nguo." Mdomo unaendelea na mikono inaendelea, na pengine mikono ndo inasema ukweli.

JUMA: Mi sarufi nilijua ni ya mtihani tu, li-ya, ki-vi, unakariri unapita.

ZUU: Ngeli nazo zina visa bwana we! "Mtu yule" ni mtu tu, lakini mhusika wako akisema "kijitu kile" nshajua anamdharau, na hujaandika popote kwamba anamdharau.

JUMA: Aisee hiyo naiiba. Na tahajia je? Mana mi na "hata" na "ata"...

ZUU: Unaandika unavyotamka, wengi ndo hivyo. Kwenye meseji tutaelewana, ila kwenye stori "ili" ikigeuka "hili" msomaji anarudi nyuma kusoma upya, hamu imekatika. Na ile r na l usiniambie, mtu anaandika "wamepiga kula" me nikadhani kuna sherehe.

JUMA: Sa dawa yake nini, mi nikirudia kusoma sioni kosa.

ZUU: Huoni kwa sababu unasoma ulichokusudia sio ulichoandika. Mpe mwingine akusomee kwa sauti, we kaa kimya, kila anapojikwaa weka alama. Usimweleze! Ukianza tu kueleza "hapo nilimaanisha" basi sentensi hiyo mbovu.

JUMA: Na mwanzo wangu, lile jua linachomoza?

ZUU: Juma jamani, kwenye insha za shule yamechomoza majua mangapi? Futa. Anzia mlangoni.

JUMA: Kwa hiyo na basi linakufa? Nimelikeshea lile basi.

ZUU: Pole kaka yangu, ukurasa mzima tumo ndani ya basi na hakuna kinachotokea.

JUMA: Haya, nafuta hapa hapa... nafuta... imebaki mistari sita.

ZUU: Lete simu nikusomee, na usinieleze kitu.