Jiwe Moja, Saa Nyingi

Ndugu wasikilizaji, swali ninaloulizwa kila mara ni hili: mlima ule una miaka mingapi? Mlima haukuzaliwa siku moja. Mabara mawili yanapogongana, mwamba huzikwa, hupikwa, kisha hupandishwa juu tena, na kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka. Sisi wachunguzi wa miamba tunatafuta tarehe ya kila hatua.

Nianze na chembe moja ya madini yaitwayo zirkoni, ndogo kama punje ya mchanga. Inapoumbika hupokea kidogo urani, metali yenye mnururisho, na kuikataa metali ya risasi. Kwa hiyo risasi tunayoikuta humo baadaye, karibu yote imetokana na urani iliyooza humohumo, yaani atomu zake zilizogeuka zenyewe polepole kuwa risasi. Nusu ya urani-238 huchukua miaka bilioni 4.47 kugeuka risasi-206. Ukipima uwiano wa hizo mbili, umri umeupata. Lakini ikate chembe hiyo katikati uimulike kwa miali ya elektroni: utaona kiini, na kukizunguka tabaka juu ya tabaka, kama pete za shina la mti. Kiini kinaweza kuwa na miaka bilioni nzima, na ukingo wa nje ukawa umeota majuzi tu, mwamba ulipopata moto wa mgongano. Ndiyo maana leza hutoboa kitundu chembamba kuliko unywele, ndani ya tabaka moja. Ukiisaga chembe yote na kuipima kwa pamoja, utapata tarehe iliyo katikati ya matukio mawili, tarehe ambayo hakuna lililotokea. Hili naomba sana mlishike.

Zirkoni huishika risasi yake hata joto likifika nyuzi 900 za Selsiasi. Madini mengine hayana ugumu huo. Mika nyeupe huivujisha agoni, gesi inayotokana na potasiamu inayooza, mpaka mwamba upoe kufikia nyuzi 400 hivi. Apatiti huanza kuhifadhi heli, gesi inayotokana na urani inayooza, kwenye nyuzi 70 hivi tu, mwamba ukiwa umebakiza kilometa mbili tatu kufika juu. Kila madini ni kama saa, na kila saa huanza kuhesabu kwa zamu yake.

Sasa twende bonde la Kaghan, Himalaya ya Pakistan. Huko kuna zirkoni zilizofungia ndani yake koesiti, madini ambayo silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga wa kawaida, hugeuka kuwa ikigandamizwa kwenye kina cha kilometa 90 au zaidi. Ukingo wa bara la India ulisukumwa chini ya Asia hadi huko! Tabaka la zirkoni lililoifungia koesiti lina miaka milioni 46 hivi. Madini mengine ya miamba hiyohiyo yanaonyesha kwamba miaka milioni 2 hivi baadaye ilikuwa imeshapanda hadi kina cha kilometa 40 au pungufu. Fanyeni hesabu: kilometa 50 kwa miaka milioni 2 ni sentimita 2.5 kwa mwaka. Miamba hiyo ilikuwa ikipanda kutoka vilindini kwa mwendo uleule ambao mabara yenyewe hutembea.