Usigawe Kilomita kwa Mwendo

Nimelisema hili Iringa, nimelisema Tukuyu, na leo nalisema tena hapa Mbeya, kwa sababu bado tunawafundisha watoto kutafuta muda wa safari ya ndege kwa kuchukua kilomita na kugawa kwa mwendo. Basi!

Tuanze na hapa kwetu. Uwanja wa ndege wa Songwe hadi Dar es Salaam, kwa mstari wa angani, ni kilomita 690 hivi. Gawa kwa 850, yaani mwendo wa ndege ya jeti kwa saa, unapata dakika 49. Nani humu ndani amewahi kufika kwa dakika 49? Ndege inatembea ardhini, inapaa, inasubiri zamu ya kutua. Na ikiwa ni ya pangaboi, hiyo 850 haifiki kabisa.

Hilo dogo. Kubwa ni upepo. New York na London zimeachana kilomita 5,550 hivi, kwenda na kurudi ni zilezile. Lakini kwenda London unakaa angani kama saa 7 au pungufu; kurudi New York, karibu 8. Kule juu, kilomita kama 10 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo utokao magharibi kwenda mashariki. Majira yao ya baridi unakuwa mkali zaidi, maana hewa ya ncha ya kaskazini na ile ya joto ya kusini zinatofautiana mno. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Ukiipima kwa ardhi, kuna wakati mwendo wake ulizidi kilomita 1,300 kwa saa! Injini hazikuwa za ajabu. Ndani ya hewa mwendo wake ulikuwa wa kawaida, na hewa yenyewe nayo ilikuwa inakwenda. Wavuvi wa Matema hawahitaji kuelezwa: mtumbwi uleule, kasia lilelile, upepo ukiwa mgongoni unafika mapema.

Kila mara kuna anayeniuliza: "Mwalimu, si dunia ndiyo inazunguka?" Inazunguka, tena kuelekea mashariki. Kama ingekuwa inaiacha ndege nyuma, anayekwenda London ndiye angechelewa! Simama, ruka juu nusu sekunde. Hapa Mbeya ardhi inakwenda zaidi ya mita 200 kwa muda huo. Mbona unatua palepale? Kwa sababu wewe, hewa na ndege mnazunguka pamoja nayo. Naomba swali hili tulizike leo.

Muda umekwisha, nitakimbia. Dubai ni kilomita kama 4,000 kutoka Dar, saa tano na nusu hivi. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa za kila mji. Usitoe moja kwa nyingine ukadhani umepata muda wa safari. Na mfanyabiashara wa Mwanjelwa, msimu wa ukungu unaoweza kuchelewesha ndege, usikate tiketi ya Songwe asubuhi na ya Dubai mchana wa siku hiyohiyo. Tangulia jana yake, ulale Dar.